Mvumo na Mkwaruzo: Obokano Katika Masikio ya Wagusii

Sokoro wangu, yaani babu, alikuwa omotibi, mpiga obokano, huko Bogirango, upande ambao leo ni Kaunti ya Nyamira, na hakuwahi kuisifu obokano kwa macho. Aliligonga kwanza bakuli kwa kifundo cha kidole, hapa na pale, akisikiliza kama mti unajibu sawasawa kila upande. Kisha akapitisha kiganja juu ya ngozi kutafuta makunyanzi. Mwisho alivuta uzi mnene kuliko wote, mara moja tu, akauacha ufe wenyewe. Watu walinyamaza hadi uzi unyamaze. Mzee mwenzake alikuwa ameshatembea hadi mwisho wa boma, karibu na migomba, na kutoka huko alisema alichosikia. Maneno ya huyo wa mbali ndiyo yaliyokuwa na uzito zaidi.

Maswali yao yalikuwa mawili. Inavuma? Maana yake, uzi wa chini unaingia kifuani, au unaishia puani? Na la pili: inakwaruza? Obokano iliyovuma bila kukwaruza waliiona haijakamilika, kama mpya ambayo bado haijafungwa vizuri. Iliyokwaruza bila kuvuma ilikuwa kelele tu.

Mimi ni fundi wa sauti. Nina kibanda karibu na soko la Daraja Mbili mjini Kisii, ninapotengeneza redio na ampilifaya, na mwisho wa wiki hufunga spika kwenye harusi na matanga kuanzia Ogembo hadi Keroka. Mteja anaponiletea hedifoni za bei kubwa, zile zinazofunika sikio lote, na kuniuliza kama thamani yake ni ya kweli, mimi huuliza yale yale ya sokoro. Besi inashuka hadi wapi? Sauti za juu zina ukali wa kiasi gani? Chombo kimeundwa kwa nini, na kitatengenezeka kikiharibika? Wagusii walikuwa na elimu kamili ya kupima sauti muda mrefu kabla waya wa umeme haujafika kwetu. Nataka kueleza ilivyokuwa, na jinsi nusu yake, ile ya mkwaruzo, ilivyosukumwa pembeni katika miaka zaidi ya 100 iliyopita na watu ambao wengi wao walidhani wanaisafisha.

Obokano ni kinubi chenye nyuzi 8. Kina bakuli la mti lililochongwa, lililofunikwa ngozi ya ng'ombe. Kina mikono miwili inayotoka kwenye bakuli. Na mti wa kukingama unaoiunganisha mikono hiyo huko mwisho. Nyuzi hufungwa chini, zikapita juu ya daraja lililosimama kwenye ngozi, zikaenda hadi kwenye mti wa kukingama, ambako huviringishwa. Hapo hakuna skrubu. Mpigaji huzungusha kiviringo kwa nguvu ya mkono hadi uzi upande au ushuke. Zamani nyuzi zilikuwa kano za ng'ombe. Miongoni mwa vinubi vya Kenya, hiki ndicho kikubwa na chenye sauti nzito kupita vyote, na ndiyo sababu waandishi wa kigeni walikiita dabobesi ya Afrika Mashariki.

Ndugu zake ni wengi. Jirani zetu Waluo wana nyatiti ya nyuzi 8, Wakuria wana iritungu, Wabukusu wana litungu ya nyuzi 7, Baganda wana endongo. Ukielekea kaskazini unakuta tanbura ya Sudan, ambayo watu wenye asili ya Afrika waliivusha bahari hadi Kuwait, Bahrain na Oman, na inapigwa huko mpaka leo. Ethiopia kuna krar, na kuna begena yenye nyuzi 10 ambayo hutumika kwa nyimbo za ibada. Ninaitaja begena kwa makusudi. Kila uzi wake huwekewa kipande cha ngozi kwenye daraja ili utoe mngurumo mkali badala ya sauti tupu. Endongo ilifunikwa ngozi ya kenge, na uzi uliotetemeka ukigusa magamba ulitoa sauti ya kuwasha. Kwenye daraja la nyatiti hubandikwa vipande vya matete kwa nta ya nyuki. Watu wa mbali sana baina yao, wenye lugha zisizosikilizana, walifikia uamuzi mmoja: uzi usiachwe utetemeke peke yake, upewe kitu cha kugombana nacho.

Nilifikia umri mkubwa kabla ya kuelewa sababu, na niliipata katika vitabu vya ufundi wa spika, si katika vitabu vya muziki. Chukua uzi unaotetemeka mara 80 kwa sekunde, yaani hezi 80. Mawimbi ya sauti hiyo hewani yana urefu wa zaidi ya mita 4. Bakuli ambalo mtu anaweza kulikumbatia ni dogo mno kusukuma hewa ya wimbi refu namna hiyo, kwa hiyo sehemu kubwa ya nguvu ya uzi hupotea kabla ya kufika kwa msikilizaji. Lakini uzi hautoi hezi 80 tu. Hutoa pia 160, 240, 320, na kuendelea juu. Sikio la binadamu likipata ngazi hizo za juu zikiwa zimepangika vizuri, ubongo hujijazia ile ya chini hata kama haikufika. Wanasayansi wa Ulaya walianza kubishana juu ya jambo hili katika karne ya 19. Sasa, mkwaruzo ni nini? Ni njia ya kuongeza ngazi za juu. Uzi unapogusagusa kitu kigumu, mtetemo wake hukatika katika vipande vikali, na ngazi za juu hujaa. Yule mzee aliyesimama kwenye migomba alisikia besi kwa sababu mkwaruzo ulimpelekea habari zake. Bila mkwaruzo, mvumo ungebaki kwa waliokaa jirani na bakuli.

Kwa hiyo maswali mawili ya sokoro yalikuwa yanategemeana.

Mahali pa kupimia pia palikuwa na maana. Omotibi hakupiga jukwaani. Alikaa kwenye kigoda, ndani ya nyumba au uani, watu wamemzunguka wakinywa amarwa, pombe ya wimbi inayonywewa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja. Watu wanaozungumza, moto unaolia, mbwa, watoto. Katika makelele hayo wimbo ulipaswa kueleweka, kwa maana omotibi alikuwa akisema mambo mazito: sifa za ukoo, mashambulio ya mifugo, mtu mchoyo aliyemwacha mamake na njaa, msichana aliyeolewa mbali. Kwenye enyangi, sherehe kubwa ya ndoa, sauti yake ilibeba kumbukumbu ya koo mbili. Obokano haikuwa ya kumpamba mwimbaji, ilikuwa ya kumshika. Uzi wa chini ulirudi na kurudi chini ya maneno, hata aliyepotewa na maneno kwa muda alijua wimbo umefika wapi.

Hali ya hewa yetu ilikuwa mpimaji mwingine. Mji wa Kisii uko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Nyamira ni juu zaidi, na kwa kawaida mvua ya mwaka huzidi milimita 1,500. Ngozi hunywa unyevu huo. Obokano iliyolia vizuri mchana wa Januari inaweza kulegea usiku wa Aprili hadi uzi wa chini ukawa kama unapigwa ndani ya gunia. Wapigaji waliisogeza karibu na moto kabla ya kuanza, wakaigeuza ngozi kuelekea joto, wakasubiri. Chombo kilichochongwa vibaya kilijulikana hapo: bakuli lenye ukuta mnene upande mmoja na mwembamba upande mwingine hupinda likipata joto, na mdomo wake ukipinda ngozi haikazi tena sawasawa. Ile kugonga kwa kifundo cha kidole ilikuwa njia ya kuujua ugonjwa huo mapema.

Utawala wa Waingereza ulifika kwa silaha. Mwaka 1905 kulikuwa na msafara wa kijeshi. Mwaka 1907 ofisa wao Northcote akaja kufungua kituo cha serikali mahali ambapo leo ni mji wa Kisii. Januari 1908 kijana Otenyo, akichochewa na Moraa mwaguzi, akamchoma mkuki. Northcote alipona. Yaliyofuata ni nyumba kuchomwa, mifugo kuchukuliwa na watu kuuawa katika msafara wa pili. Sina haja ya kuirefusha habari hiyo hapa, kwa kuwa imeandikwa na watu waliobobea. Ninachoshikilia ni kwamba shughuli zilizokuwa makao ya obokano zilitegemea mifugo na nafaka, na mifugo ilipochukuliwa, karamu zilipungua.

Wamisionari walifuata mara. Wakatoliki walifungua Nyabururu mwaka 1911, Waadventista wa Sabato wakafungua Nyanchwa mwaka 1912. Vita vya kwanza vya dunia vilipofika, Wajerumani wakaingia Kisii Septemba 1914, misheni ziliporwa, na baadaye kazi ikaanza upya. Waadventista walikataza pombe. Hawakuhitaji kutunga sheria dhidi ya kinubi. Kinubi kilikuwa kimekaa karibu na chungu cha amarwa, na aliyekiacha chungu alikiacha na kigoda kilichokuwa kando yake. Mtu aliyebatizwa aliitundika obokano ukutani. Watoto wake waliikuta ikiwa na vumbi. Wajukuu wakaitumia ngozi kwa kazi nyingine. Katika ukoo wetu sokoro ndiye aliyeendelea, na kakake mdogo, aliyekuwa mzee wa kanisa, hakukanyaga nyumba ambamo ilikuwa ikipigwa.

Lakini ni lazima niseme jambo ambalo wapenzi wa mila husahau. Kanisa liliwapa Wagusii elimu nyingine ya masikio. Kwaya za Kiadventista za kwetu huimba bila ala, sauti nne, na mafunzo ya mistari ya chini ni makali sana. Nimefunga maikrofoni kwa kwaya hizo mara nyingi, na nimewasikia waimbaji wa besi wakishuka mahali ambapo wanaume wengi hupotea. Siwezi kuthibitisha kwamba ni obokano iliyohamia kooni. Ila ninapowasikia nikiwa na hedifoni kichwani, mapenzi ya sauti ya chini ninayatambua.

Kilichobadilika katika elimu hiyo mpya ni hukumu juu ya usafi. Sauti nzuri ikawa sauti iliyo wazi, isiyo na vumbi, iliyofungwa vizuri mwishoni mwa mstari. Mkwaruzo haukuwa na nafasi hapo. Hukumu hiyo ilitoka kanisani ikaingia shuleni, na kutoka shuleni ikaingia kwenye mashindano. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927, na kwa muda mrefu lilikuwa na vipimo vya Kiingereza kwa nyimbo za Kiingereza. Nyimbo za asili zilipopewa madaraja yake, obokano ilipata jukwaa, nami nashukuru. Hata hivyo nimeketi nyuma ya ukumbi nikamsikia mwamuzi mmoja akiwaambia vijana kwamba ala yao ina kasoro, inatoa sauti ya kukwaruza, waifunge upya kabla ya ngazi ya mkoa. Vijana walitii. Walirudi na chombo kinacholia safi, na kutoka safu ya kumi uzi wa chini haukusikika kabisa.

Kuna watu waliosikiliza kwa uangalifu, na haki yao isipotee. Hugh Tracey alipita Kenya akirekodi mwaka 1950. Huko kwa Wakipsigis, majirani wa Nyamira upande wa Kericho, alirekodi wimbo wa wasichana uitwao "Chemirocha", ambao jina lake lilitokana na mwimbaji Mmarekani Jimmie Rodgers, aliyesikika kwao kupitia santuri. Tracey alikuwa na desturi ya kushika maikrofoni kwa mkono wake mwenyewe na kuisogeza: karibu na uzi, karibu na mdomo, tena karibu na bakuli. Kwa fundi wa leo huo unaonekana ushamba, maana tumefundishwa kuiweka maikrofoni mahali pamoja na kuiacha. Mimi nauona kuwa umakini. Alikuwa akiitafuta ile sehemu ya hewa ambako mvumo na mkwaruzo hukutana. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Kiafrika, ILAM, iliyoko sasa Makhanda, Afrika Kusini. Na miaka 60 baadaye watu wa maktaba hiyo, wakishirikiana na Tabu Osusa wa Ketebul Music ya Nairobi, walianza kuzirudisha rekodi za Kenya kwa jamii zilikotoka.

Hapa nyumbani, Graham Hyslop, aliyekuwa ofisa wa muziki wa serikali, aliandika juu ya ala za Kenya na kuzichora, na mwaka 1975 kitabu chake juu ya ala za Afrika Mashariki kikachapishwa Nairobi. George Senoga-Zake na Washington Omondi, ambao pamoja na Hyslop walikuwa katika jopo la watu watano waliotunga wimbo wa taifa mwaka 1963, waliendeleza kazi hiyo. Omondi alichimba vinubi vya Kenya kwa kina, hasa thum, kinubi cha kwao Waluo, na ndiye aliyenifanya niamini kuwa mkwaruzo unastahili kuandikwa kama sehemu ya ala.

Redio ndiyo iliyonipa mkate, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo. Matangazo ya Ekegusii, lugha yetu, yalitoka Kisumu, na redio ndogo za transista zilipoenea miaka ya 1960 na 1970, nyumba nyingi za Kisii na Nyamira zilisikia obokano kutoka kwenye spika yenye upana wa kiganja. Spika ya namna hiyo haiwezi kutoa hezi 80. Nyingi huanza kuamka karibu na 200. Kwa upande wa juu, mawimbi ya kati hayabebi zaidi ya takribani hezi 4,500. Kwa hesabu ya karatasi, obokano ingepaswa kufa katikati ya mashine hiyo. Haikufa. Wazee walisogeza viti, wakamtambua omotibi kabla mtangazaji hajataja jina. Kwa nini? Kwa sababu mkwaruzo uliokuwa umeundwa kufikisha besi kwenye migomba ulifikisha besi hiyo hiyo kupitia spika dhaifu. Ngazi za 240, 320 na 400 zilipita, na masikio yakajijazia yaliyobaki. Gitaa la besi la bendi zilizorekodiwa wakati huo, lililopigwa safi, lilipotea kwenye redio hizo hizo. Nimezifungua redio za aina hiyo nyingi sana, na kila mara naistaajabia akili ya aliyechonga daraja la kwanza la obokano.

Kisha ukaja uzi wa nailoni, ule wa kuvulia samaki, unaopatikana kirahisi kutoka upande wa ziwa. Nani angemlaumu mpigaji? Kano ya ng'ombe inahitaji kuchinjwa, kukaushwa, kusokotwa, na ikinyeshewa hulegea. Nailoni haijali mvua. Lakini ni nyepesi kwa unene ule ule, na ni laini juu yake. Ili ishuke hadi sauti ya chini lazima ilegezwe, na uzi uliolegea hupiga hovyo. Wapigaji stadi waliligundua hilo wakaanza kusokota nyuzi kadhaa pamoja, wakaurudishia uzi uzito na ukakasi. Niliposikia obokano ya nailoni iliyosokotwa kwa mara ya kwanza, nilidhani ni kano. Iliyofungwa nailoni moja tupu hutambulika hata kwa simu.

Siku hizi adui mkubwa zaidi ni spika zetu wenyewe, sisi mafundi. Kwenye matanga, fundi hufunga kinasa kidogo cha kubandika kwenye mti wa ala, anaongeza besi hadi turubai linatikisika, anakata sauti za juu ili zisipige mluzi. Kinachotoka ni mshindo mmoja usio na umbo. Nyuzi 8 zimekuwa moja. Mvumo umeongezwa kwa umeme, na mkwaruzo uliotumwa kuueleza umekatwa. Nimefanya majaribio ya kutosha kusema hivi kwa uhakika: weka maikrofoni moja mbele ya ngozi, nyingine ielekee daraja kwa karibu, kisha ongeza ile ya daraja polepole mpaka uzi wa chini utoke mbele. Utaona besi inaonekana kuongezeka ingawa hukuigusa besi.

Jambo hilo halisikiki vizuri kwenye hedifoni mbovu, ndiyo maana ninajali hedifoni. Teknolojia yenyewe si changa: Beyer ya Berlin ilitoa DT 48 mwaka 1937, Koss wa Milwaukee akatoa hedifoni za stirio mwaka 1958, na Sennheiser wakatoa HD 414, zilizo wazi mgongoni, mwaka 1968. Zangu ni DT 770, zilizofungwa mgongoni. Kwa obokano zina fadhila moja na dosari moja. Besi yake inashuka bila kulegea, alimradi mto wa sikio ushike ngozi pande zote; miwani au misuko minene ikiacha upenyo, mvumo wote unavuja, na mtu atailaumu hedifoni bure. Dosari ni kwamba zina ukali uliozidi katika sauti za juu, karibu na hezi 8,000, hivyo mkwaruzo huonekana mkubwa kuliko ulivyo uani. HD 600, zilizo wazi, huupa mkwaruzo kipimo chake cha haki, ila uzi wa chini kabisa hupungukiwa uzito. Kwa hiyo mimi hurekebisha kwa moja na kuhakikisha kwa nyingine. Na kuhusu muundo, nazipenda zote mbili kwa sababu ile ile ambayo sokoro alipenda viviringo vya nyuzi: mito hutoka kwa vidole, waya au kichwa chake hubadilishwa, na fundi wa Daraja Mbili anaweza kuzirudishia uhai bila kupeleka chochote ng'ambo. Hedifoni za bei ghali zilizogundishwa kwa gundi, zisizofunguka bila kuvunjika, siwezi kuzisifu hata zikiimba namna gani.

Nimesikiliza rekodi za obokano za vipindi mbalimbali kwa vyombo hivyo viwili. Katika zile za zamani zaidi nilizopata, kano zinasikika zikiguna kabla ya noti kutulia, na kati ya mapigo unasikia pumzi ya mpigaji. Katika zile za studio za karibuni kuna chache zilizo bora sana. Grandmaster Masese, mshairi na mpigaji wa Nairobi mwenye asili ya Kisii, ameipeleka obokano kwenye kumbi za vijana akiisindikiza na maneno ya leo, na hakuuondoa mkwaruzo. Anapopiga na bendi, uzi wake haugombani na gitaa la besi, kwa kuwa masikio yanaukamata kwa juu. Stesheni za Ekegusii kama Egesa FM nazo zina nguvu ya kuifanya sauti hiyo izoeleke tena, kama watakubali kuipiga bila kuipitisha kwenye vifaa vya kulainisha.

Linalonitia wasiwasi kwa sasa ni mti. Bakuli pana la kipande kimoja linahitaji shina nene la mti wa kienyeji uliokua miaka mingi. Kwa sensa ya 2019, Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 na Nyamira 605,576, katika milima ambako shamba hugawanywa kila kizazi. Kilichobaki kati ya chai, ndizi na mahindi ni mikaratusi, ambayo hukua haraka na kuuzwa kama nguzo. Mkaratusi hupasuka ukikauka. Bakuli lake hugongeka vizuri mwezi wa kwanza, kisha ufa huanza mdomoni, ngozi hulegea, na mvumo hutoka kupitia ufa huo. Mchongaji ninayemfahamu, anayeishi chini ya milima ya Manga, hununua mashina ya miti ya zamani inapoangushwa kupisha nyumba au barabara, huyahifadhi kivulini miaka miwili, na hukataa kuchonga kwa mteja mwenye haraka. Mwaka jana alinipa mabakuli mawili niyasikilize kabla hajayafunika ngozi. La kwanza lilijibu sawasawa pande zote. La pili lilikuwa zito upande wa kushoto. Nilimwambia alichonge tena kutoka ndani, upana wa kucha, naye akasema alikuwa ameshalisikia mwenyewe ila alitaka sikio jingine. Akaichukua patasi.